Taa Nyekundu na Honi za Mastura

Likoni,
Jumapili, 14 Agosti 1988.

Kwa mdogo wangu Mwanasaumu,

Asalaam aleikum. Nakusalimu wewe, shemeji yangu na wanangu wote hapo Vanga, na mama umwambie kuwa namshika mkono. Je, goti lake limepata nafuu? Mafuta ya nyonyo aliyoyataka nimeyapata, nami nitampa mtu yeyote wa kuja huko. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Ya moyo utayasoma.

Unajua kuwa sipendi kuanika habari za nyumba yangu. Nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi kuwa mdomo una mipaka. Lakini huenda umekwisha kusikia kwamba dada yako ana kijicho, na sitaki mengine uyasikie kwa watu kabla ya kuyasikia kwangu.

Lori la mume wangu Faki unalijua. Bangili zangu za arusi zimo ndani yake, maana niliziuza lilipokuwa likinunuliwa. Miaka yote lilibeba mawe ya kujengea bila pambo lolote, na kiti cha mbele kilikuwa changu. Alipomwoa Mastura mambo yakageuka. Mastura alisema kuwa lori lisilo na sauti ni kama bwana arusi asiye na kanzu. Faki akacheka, akaenda Changamwe, akarudi na honi tatu za upepo juu ya kichwa cha lori pamoja na safu ya taa za kupendeza. Akienda kwa Mastura, huzipiga honi hizo tangu njia panda, mtaa mzima ukajua kuwa mume wake amerudi. Akija kwangu hubisha hodi.

Tangu honi zile zifungwe, taa nyekundu iliyo karibu na usukani ikawa inawaka. Lori lile hushika breki kwa upepo unaojazwa katika tangi, na upepo ukipungua, taa hiyo huonya. Fundi Ngala alikagua nyaya, akaziondoa taa za juu, akabadilisha swichi, akamwaga maji yaliyokusanyika ndani ya tangi. Taa ilizimika siku za kazi, ikarudi Jumamosi asubuhi, na Jumamosi iliyofuata vilevile. Nawe wajua kuwa Ijumaa Faki hafanyi kazi, na lori huegeshwa uani kwangu kutwa kucha, maana kwa Mastura hakuna nafasi. Basi Mastura akamwambia mume wetu, mbele yangu, kwa ile sauti yake ya asali, kuwa ajabu ni moja tu: lori hulala kwa dada likiwa zima, likaamka gonjwa.

Faki hakumkemea. Alimleta mwalimu wa tiba kutoka Junda. Dawa ya kijicho unaijua: anayeshukiwa hutawadha, na maji yake humwagiwa aliyepatwa. Nilitawadha ndani ya beseni, mimi, mbele ya majirani, na maji yangu yakamwagiwa lori, kwanza kichwa, kisha magurudumu. Mastura alikuwa ameuziba mdomo kwa ncha ya leso. Akaniambia, "Usione haya, dada. Ni maji tu."

Jana ilikuwa siku ya kumpeleka Mastura kwao, kule Mjambere, akajifungulie kwa mamake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Alipanda kwa kusaidiwa, akaketi mahali pangu, akaweka mto mgongoni. Mto wangu. Faki alitia moto lori, likanguruma kwa muda, na taa ikakataa kuzimika. Alisema kuwa itazimika njiani kwa kuwa maji yamekwisha kumwagwa. Na njia yenyewe, Mwanasaumu, ni ule mteremko wa feri.

Nilikuwa nafua. Nilikwenda na beseni langu, nikasimama mbele ya lori, nikamwambia azime. Aliniuliza kama hata safari ya mja mzito naionea kijicho. Nikamjibu, "Zima, Faki, nasikia upepo unavuja. Uje utazame." Aliposhuka, niliinama ubavuni mwa lori, nikamimina povu la sabuni pale mpira wa honi ulipoungwa na tangi la breki. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena kama uji jikoni. Aliyezifunga honi alikuwa ameziunga na upepo uleule wa breki, na kiungo kilivuja. Siku za kazi injini ilijaza kilichopotea. Lori likilala kutwa, tangi lilibaki tupu.

Faki aliung'oa mpira, akaziba tundu kwa boliti aliyoizungushia uzi. Taa ilikawia, kisha ikazimika. Alilijaribu lori barabarani, breki zikashika. Akawaambia majirani kuwa Mungu amenijaalia masikio, akaniuliza nimegundua lini. Nikasema asubuhi ileile.

Huo ni uongo. Mlio ule wa upepo niliusikia kabla maji hayajamwagwa, Ijumaa mchana, Faki akiwa msikitini na nyumba imenyamaza. Niliweka kiganja, nikauhisi upepo, nami nikanyamaza. Nilitaka honi zile zimwaibishe, lori limkwamie njiani na Mastura ashuke atembee kwa miguu. Baada ya siku ya beseni nikazidi kunyamaza. Wala usinisifu kwa kusimama jana. Nilipouona mto ule mgongoni mwake, nilikaribia kurudi kwenye nguo zangu. Niliyemwokoa ni Faki. Mastura alikuwa ameketi karibu naye.

Naye amejua. Kabla hawajaondoka aliinama dirishani akaniambia taratibu, "Dada, hukutafuta. Ulikwenda moja kwa moja." Faki alirudi salama jana jioni, akabisha hodi, akanisifu tena, nikatambua kuwa Mastura hakumwambia neno njia nzima. Wala hatamwambia. Hata hilo, mdogo wangu, namwonea wivu: kwamba mimi nilinyamaza ili aumie, naye amenyamaza ili nisitiriwe.

Mama msomee salamu peke yake, haya mengine yaishie kwako. Wabusu watoto, na shemeji mwambie kuwa namwombea heri katika shamba lake. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote.

Mimi dada yako,
Mwanakheri