Kicheko Katika Wimbo wa Pili

Mpendwa Nduku,

Hapa Kinoo tuko salama. Goti la shosho yako limepata nafuu, na sasa anagombana tena na kuku wa jirani. Mamako amenisomea swali lako: kwa nini katika wimbo wa pili wa ile albamu yangu ya jazi tarumbeta inanyamaza ghafla, halafu mtu anacheka?

Wewe ndiye wa kwanza kuuliza.

Nilikuwa kijana, napiga gitaa la benga, na wanajazi watano wakanialika studio huko Parklands tujaribu kuchanganya muziki wao na benga. Kwenye benga mwimbaji akimaliza mstari, gitaa huitikia. Basi kila tarumbeta ilipolia, nami nikaitikia. Mwishowe mwenye tarumbeta akasimamisha kila mtu.

"Kijana, mbona unanijibu? Nani amekuuliza?"

"Kwetu mtu akiita asiitikiwe, hiyo ni dharau," nikasema. Nilijua nafukuzwa.

Akanitazama, akasema turudie, mashine ikirekodi. Katikati ya wimbo akapuliza sauti tatu fupi, kama mtu anayepiga hodi, akashusha tarumbeta na kunigeukia. Wote wakanyamaza, wakiningoja. Nduku, vidole vilikataa! Siku nzima nilikuwa najibu bila kusikiliza. Sasa nimeulizwa kweli, na sina neno.

Kisha nikapiga kile unachokisikia. Si benga, si jazi, na mpaka leo najiuliza kilitoka wapi.

Kicheko ni cha mpiga ngoma, aliponiona nimekwama. Ule ukimya kabla yake ni wangu, na sijawahi kupiga kitu kitamu kuliko huo.

Babu yako