Hakuna Tundu Jipya kwenye Pikapu Yangu

Jumamosi, ambayo hapa tunaiita siku ya posho. Mvua ilianza saa sita, ikakatika saa kumi, na sasa uwanja wangu wote ni tope jekundu. Nimekaa kibarazani, miguu bado haijaoshwa, simu mkononi, na nina furaha ambayo kesho sitaweza kuisimulia kanisani.

Nalisema mapema ili anayesoma asije akanihesabu miongoni mwa watu wema.

Wanaofuata ukurasa huu siku nyingi wanamjua Paluku. Kwa wageni: Paluku ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Kambale. Tulipomaliza matanga, kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa, alikuja na wajomba zake wawili, akakaa kwenye kiti cha Kambale, akasema pikapu ni mali ya ukoo. Pikapu ile tuliinunua mimi na Kambale kwa viazi vya Djugu, gunia kwa gunia, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala njiani na mizigo. Waliichukua jioni ile ile. Nilikuwa nimenyolewa kichwa na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Tangu siku hiyo namngoja.

Mwaka jana niliuza kiwanja alichoniachia baba yangu, nikaongeza zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana wa akina mama wa soko, nikachukua pikapu mpya. Mpya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni. Ina garanti ya miaka mitatu: kitu kikiharibika chenyewe, wauzaji wanakitengeneza bila kunidai. Lakini kitabu chake kina masharti. Ukitoboa bodi, ukichomelea chuma kwenye chasi, ukikata waya wa umeme, ukiongeza bapa kwenye springi, garanti imekufa. Na mimi siwezi kuiacha ife. Sina kiwanja kingine cha kuuza. Gari hili likilala, mimi na wanangu watatu tunalala nalo.

Sasa, hapa Bunia gari jipya halimalizi wiki kabla ya kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Ndiyo desturi yetu. Kila mtu atakuambia pikapu jinsi ilivyotoka kiwandani haiwezi barabara ya Komanda, kwa hiyo wanaijaza vyuma mbele, vyuma nyuma, vyuma juu, na mwenye gari anapokea pongezi. Paluku aliposikia kwamba yangu sijaipeleka, alinicheka kwenye sherehe ya ubatizo, sahani mkononi, mbele ya watu wote.

"Motokari ya muke haitafika Noeli," alisema. "Huyu anaogopa kile kitabu ya garanti kupita Mungu."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa nimeshika sufuria ya wenyewe na nisingeweza kumrushia. Lakini niliporudi nyumbani niliapa. Pikapu yangu itapendeza kuliko ile aliyoninyang'anya, itabeba vizuri kuliko ile, na sitaitoboa hata tundu moja.

Kila kitu nilichokiweka kwenye gari hili nilikiweka huku nikiuwaza uso wa Paluku. Sioni haya kuandika hivyo.

Nilianza na fremu ya mizigo. Fundi wa mtaani kwetu aliniangalia kama mgonjwa nilipomwambia nataka fremu ambayo haitachomelewa kwenye gari. Aliiunda uani kwake kwa mabomba ya mnara wa tangi la maji ulioanguka, tukaibana kwenye kingo za bodi kwa vibanio vya bolti. Chini ya kila kibanio tuliweka kipande cha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, rangi isichubuke. Safari ya kwanza ilicheza kama jino la mtoto. Tukaongeza vibanio, ikacheza kidogo. Tukaongeza tena, na tangu hapo imetulia.

Kisha mabenchi mawili ya mbao ya kukalisha abiria, yanayoingia na kutoka, yakifungwa kwa kamba kwenye vishikizo vilivyokuja na gari. Sakafuni nilitandika lino, lile zulia la plastiki, ya zamani ya sebule yangu. Vizuia tope nilivikata kwenye tairi bovu nikavining'iniza kwenye bolti zilizokuwepo tayari. Taa za nyuma za kushushia mizigo ni taa za sola, za kuchaji juani, kwa sababu waya za gari sizigusi. Juu ya fremu ni shitingi, turubai la plastiki kama yale ya misaada, nililipata sokoni na sikuuliza limetoka wapi.

Vifuniko vya viti nilishona mwenyewe. Kitambaa ni kile kitenge ambacho ukoo wa Paluku ulikichagua kiwe sare ya matanga ya mume wangu. Walinipa, nilikivaa siku ile, na sasa nakikalia kila asubuhi nikienda kazini.

Mchora maandishi alitaka kuandika moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, kama anavyoandika kwenye magari yote. Nilimkatalia nikampa ubao. Aliandika kwa rangi nyekundu: MUJANE ANAPITA. Ubao naufunga kwa kamba, na nikitaka naufungua.

Gari likapendeza, nakuambia. Wamotari, wale waendesha pikipiki za abiria, walianza kunipigia honi. Akina mama wa kabichi walianza kuuliza nina nafasi lini, na baadhi yao walikuwa wateja wa Paluku. Hapo ndipo aliponichimba.

Wiki mbili zilizopita klachi ilianza kuteleza na kunuka. Niliipeleka pikapu kwa wauzaji nikiwa na kitabu changu mkononi. Mkuu wa gereji hakukifungua. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mama, tumesikia ulisudisha vyuma mu motokari," alisema. "Garanti ilishakufa."

Eti nimechomelea vyuma! Nilimuuliza amesikia kwa nani. Akatazama pembeni, akataja shemeji yangu mkubwa, mtu wa heshima, aliyepita kuwasaidia tu wasije wakadanganywa. Niliwaza klachi mpya ingenigharimu nini, nikawaza shule, nikawaza Paluku akipewa habari hizo mezani huku anakula.

"Munipe kle ya trezi," nilisema.

Walinipa ile spana ya kumi na tatu, wakidhani nina kichaa. Nilipanda nyuma na gauni langu la kazini, nikafungua kibanio kimoja kimoja. Fremu ikashuka. Mabenchi yakashuka, lino ikakunjwa, taa zikatoka, ubao ukatoka. Nilivirundika vyote sakafuni mwa gereji yao, kisha nikamwambia mkuu atafute tundu. Alitafuta. Alipitisha kidole kwenye kingo, akalala chini akaangalia chasi, akainuka. Chini ya vile vipande vya mpira rangi ilikuwa inang'aa kama siku ya kwanza.

Klachi walibadilisha wao. Nililia nikiwa njiani kurudi, kwa hasira tu.

Ningeweza kuishia hapo. Mchungaji wetu angependa niishie hapo. Lakini Paluku aliposikia, alifanya kile ambacho mimi nisingethubutu hata kumwombea. Aliipeleka pikapu ya Kambale kuchomelewa. Alitaka fremu kubwa kuliko yangu, mabenchi ya chuma, mabapa ya ziada kwenye springi, vyote vimeshikwa moja kwa moja kwenye chasi ya gari zee. Akaanza kupakia mara mbili. Alikuwa akipita soko zima akipiga honi, akitafuta niko wapi.

Leo asubuhi nilipeleka kabichi Komanda, nikashusha, nikapakia mafuta ya mawese na ndizi za kurudi nazo. Mvua ilinikuta njiani. Kabla ya kufika Marabo nikaona watu wamesimama kando ya barabara chini ya majani ya migomba, na katikati yao pikapu ya Kambale imekaa kitako. Chasi ilikuwa imekatika nyuma ya kabini ya dereva, pale pale palipochomelewa. Sehemu ya mizigo ilikuwa imelalia tope.

Nilipita kwanza. Nilisimama mbele yake kidogo, ili Paluku aweze kusoma ubao.

Paluku alikuja akitembea kwenye matope, viatu mkononi. Sikushuka. Nilishusha kioo nusu.

"Semeki," aliniita, yaani shemeji, "univute tu mpaka Bunia. Polepole."

Sijui kama anayesoma anaelewa alichokuwa ananipa. Mimi mbele, yeye nyuma kwenye kamba, ndani ya gari aliloninyang'anya, nikimburuta bulivari nzima, ile barabara kuu ya mji, siku ya soko. Nimeliota jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyowaota wanangu. Na kamba ilikuwepo, chini ya kiti changu. Niliinama nikaishika. Nilikuwa naisikia kelele ya watu masikioni.

Lakini kitabu kinasema wazi: gari lenye mzigo halitavuta gari jingine. Klachi ilikuwa mpya, barabara ni utelezi, na ile pikapu yake haikuwa inabingirika, ingekuwa kuikokota kama mzoga. Ningefika Bunia na ushindi wa saa moja, kisha ningelala njaa na wanangu. Niliiachia kamba. Vidole vilikataa kidogo.

"Garanti inakatala, semeki," nilimwambia.

Mama mmoja alicheka chini ya jani lake la mgomba, kisha wa pili. Walikuwa abiria wake, wauza mchele na mihogo. Hawakungoja kualikwa. Walipakua vikapu vyao kutoka kwake wakapanda kwangu, wakakaa kwenye mabenchi yangu, chini ya shitingi yangu, na yule aliyecheka kwanza aliniuliza kama naenda tena Jumatano. Nilimjibu kwa sauti, ili Paluku asikie: ndiyo, na Jumatano nyingine pia.

Barabara ile si ya kubaki giza likiingia, kwa sababu ya wenye silaha, hilo hakuna asiyelijua. Hata mimi, pamoja na moyo wangu huu, sikutaka abaki. Au niseme kweli: nilitaka, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha nikaogopa mwenyewe. Alimwomba mwenye nyumba ya jirani amlindie gari, akaja kushika mlango wa mbele. Kiti cha mbele nilikuwa nimempa bibi mmoja na kuku wake.

"Nyuma iko nafasi," nilisema.

Alipanda nyuma. Alikaa ukingoni mwa benchi, kati ya vikapu vya mihogo, akishikilia fremu yangu kwa mikono miwili kila tulipoingia shimoni. Nilimtazama kwenye kioo njia nzima. Tulipofika mjini, njia ya kwake ni kukunja kushoto. Sikukunja. Nilipita bulivari yote mpaka mwisho, taratibu, mvua imekatika, watu wametoka nje, nikageuza nikairudia. Mtu mmoja mlangoni mwa famasi alimwita kwa jina. Paluku akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu sakafuni.

Utamu wake sitauficha. Ulikuwa mtamu.

Sasa niandike ambalo sikutaka kuliandika. Kule Marabo, wakati akina mama wanapanda, nilishuka nikaenda kuitazama ile pikapu. Mlango wa dereva una kibonyeo, hapo ndipo nilipoigonga nguzo ya lango letu siku Kambale ananifundisha kuendesha. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakukubali kinyooshwe, alisema ni cheti changu. Nilikiwekea mkono. Miaka yote hii nimekuwa nikiomba gari la Paluku livunjike, na leo limevunjika gari la Kambale.

Nililia pale, mvuani, na nashukuru mvua ilikuwepo.

Nilipomshusha Paluku kwake, mke wake alikuwa mlangoni. Alizunguka akaja kwenye dirisha langu. Kwa mara ya kwanza tangu matanga hakuniita muke ya Kambale, aliniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Ester," alisema, "siku ya kwanza utanipelekaka na fundi?"

Siku ya kwanza ni Jumatatu. Nilimwambia nitafikiria, nikaondoka. Nimefikiri tangu saa kumi na moja, hapa kibarazani, na jibu nimelipata.

Nitampeleka Marabo. Nitambeba fundi, vyuma vyake na mashine yake, na sitamdai kitu. Lakini lile gari likisimama tena kwa magurudumu yake, litakuja kulala uani kwangu, na Paluku mwenyewe atawaambia wale wajomba zake kwa nini. Nitalisema hilo kwanza, kesho baada ya ibada, mama mzazi wa Paluku na Kambale akisikia.

Akikubali, bado sitamsamehe. Akikataa, Marabo watu huenda hata kwa miguu.