Keitumetse na Faragha ya Mma Gaone

Shosti, uko wapi? Keitumetse, mwenyekiti wa kundi letu la mashabiki wa Mma Gaone, katuvua nguo!

Unajua Mma Gaone alivyojichimbia mjini Kanye, mwandishi wa watu, hataki kuonwa. Leo Keitumetse kamwendea getini na keki na kipaza sauti. KIPAZA SAUTI! Mtaa mzima ukasikia: "Mma, tumekuja kukuhakikishia tunaheshimu faragha yako!"

Faragha, shosti. Kwa kipaza sauti.

Mama wa watu akatoka na taulo kichwani. "Mwanangu, nani kakuonyesha kwangu?"

"Picha ya nyumba yako iko kwenye kundi, Mma. Watu wameipenda mno!"

Akaitazama keki. "Basi nahama tena. Na kitabu nilikuwa nakimalizia."

Keitumetse kalia njia nzima.

Sasa hivi kaandika kundini: "Nani anajua Mma anahamia wapi? Twende tukamsaidie kushusha mizigo."