Bomba la Moshi Mbele ya Mlango Wetu

Atlabara,
Juba.
16 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Nyamweya,

Natumaini wewe na Shangazi Valary mko salama huko Nairobi, na mgongo wako umepata nafuu. Mama na mimi ni wazima. Mdogo wangu Griffin si mzima, na ndiyo sababu ninaandika. Kwenye simu ningenyamaza kama kawaida yangu.

Jengo ulilomchorea Bwana Aleer limekwisha. Limesimama ng'ambo ya barabara, refu, likitazamana na ghorofa la zamani ambako Mama hupika na sisi hulala.

Hujawahi kufika Juba, Mjomba. Ulichora kana kwamba umeme hapa unatoka kwenye nguzo. Kila jengo lina jenereta yake, nawe hukuiachia nafasi. Wameiweka mbele, na bomba la moshi limetokeza ukutani, usawa wa kichwa changu, likielekea mlango wetu.

Nimesoma kwamba kuta ndefu zikitazamana, upepo hupita juu, na hewa ya chini huzunguka tu. Nikafunga uzi dirishani nione. Bendera juu ya jengo lako hupepea kuelekea mtoni. Uzi wangu huvutwa chumbani.

Nilijikaza nikamwendea Ladu, mlinzi wa jengo. Akasema, “Ya bineya, wewe msichana, moshi iko na miguu. Itaenda yenyewe.” Nikamwuliza mbona haujaenda. “Inapenda chakula ya mama yako.” Wenzake wakacheka.

Bwana Aleer anasema hawezi kugusa kitu bila mchoro wako. Jenereta haikuwa kwenye mchoro, lakini hiyo aliigusa.

Griffin hulala ameketi, kifua kikipiga mluzi. Daktari amesema aondolewe mtaa huu, na Mama ameamua aende Kisii kwa Nyanya mwisho wa mwezi. Ana miaka sita. Ameanza kuwagawia rafiki zake gololi zake.

Nimekukasirikia, Mjomba, na ninasema hivyo kwa heshima. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika rula. Chora mstari mmoja tu: bomba lipande ukutani hadi juu ya paa, upepo ulipo. Tia sahihi, umtumie Bwana Aleer kabla Griffin hajapanda basi.

Msalimie Shangazi Valary. Mungu awalinde, awape na pumzi ya kutosha. Msalimie Nyanya pia ukimpigia simu, lakini usimwambie atandike kitanda cha Griffin. Mimi bado sijakubali.

Mpwa wako akupendaye hata leo,
Kerubo