Mikebe Mitatu ya Dawa za Baba

Uingereza, Juni 2008

Kwa Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umekaa chini, si kwa shamba ukijifanya kijana. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo haijaniachilia. Je, kifua? Nauliza kwa barua kwa sababu ukiulizwa kifua kwa simu unanijibu habari za ng'ombe.

Baba, nakushuku. Juzi Mama aliniambia kwa furaha kwamba mikebe mitatu ya dawa zako imejaa kwa kabati, eti unazitunza. Dawa za kila siku zinatunzwaje? Nikamhoji polepole, akasema wewe humeza siku tatu tu kabla ya kliniki ya Nakuru, ndio daktari akipima aone ni sawa, asikugombeze. Kweli, Baba? Mtu mzima?

Hapa maabara ninaposafisha chupa, wanapima damu ya wagonjwa kama wewe. Nilimuuliza daktari mmoja wa kike, akanieleza. Mafuta yakijishika kwa mshipa wa moyo, ukuta wake unavimba ndani kwa ndani. Seli nyeupe za damu zinakuja kusaidia, lakini zinamwaga vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinalainisha ngozi iliyofunika mafuta, vile papai hulainisha nyama ya mbuzi mzee. Siku ngozi ikipasuka, damu inaganda hapo hapo, moyo unakosa damu. Nikamuuliza mgonjwa huhisi nini kabla.

"Wengi hawahisi kitu," akasema.

Dawa zako hupunguza mafuta na huo uvimbe, lakini mpaka zimezwe kila siku. Kwa hivyo usiniambie tena uko fiti.

Na mbona siku hizi Kamau ndiye anapeleka maziwa? Wewe hujawahi kumwachia mtu mwingine yule karani wa kituo cha maziwa na mizani yake. Mama anasema umeamua kupumzika. Wewe, upumzike? Nadhani ule mlima wa kwenda kituoni umekushinda, na mmekubaliana nisijue, nisije nikaacha kazi. Nimekasirika, na naogopa sana.

Nisalimie Mama, asione nimemchongea. Msalimie ndugu yangu Kamau na mkewe, na nyanya yetu Cucu, umwombe akugombeze kwa niaba yangu.

Nikisikia tena uko sawa, nakata tikiti. Afadhali nifutwe kazi nije unifokee, kuliko nifike Kabazi nikute hema na viti vya kukodi kwa boma letu.

Ni mimi binti yako,
Njoki