Weji ya Rangi ya Kutu

Na hapana, mume wangu, si kweli kwamba weji zote ni moja. Ulisema hivyo Jumapili kwenye simu, eti fimbo fupi ya gofu ni fimbo fupi tu, mimi nikavuta pumzi nikujibu, shangazi akanyoosha mkono akataka simu yake, yakaishia hapo. Sasa nakujibu kwa kalamu, maana nimeyaona kwa macho yangu, na mengine siwezi kuyatamka huku shangazi amejilaza kitanda cha pili akijifanya amelala.

Lakini kwanza nikuulize hali, nisionekane sikufunzwa kwetu. U mzima, Habibu wangu? Kile kifua kimeacha kukubana asubuhi? Unakula chakula cha kweli, au unakunywa chai na mkate halafu unamwambia mama umeshiba? Na yeye mama mkwe, miguu imepunguza kuvimba? Mimi sina ninachoumwa ila wewe. Kila nikiandika hayo maneno mawili, mume wangu, nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu njiani na mwenyewe hajatokea. Mwezi wa nne huu tangu ndoa na bado sijazoea. Naomba nisizoee.

Huku Guangzhou joto lina maji ndani yake. Ukianika kanga leo, unaianua keshokutwa na bado ina ubaridi. Kazi ni ileile: asubuhi tuko soko la Shahe tunachagua magauni na blauzi, mchana tunahamia Shisanhang, na jioni migongo inatuuma kwa kufunga mizigo. Wiki iliyopita tulifungua marobota mawili ya blauzi tukakuta sweta, zile nzito za kuvaliwa kwenye barafu, eti ziende Dar es Salaam. Shangazi alibishana na yule laoban, ndivyo wanavyowaita wenye maduka hapa, mpaka sauti ikamkauka, na yakabadilishwa. Hiyo ni kazi moja ambayo amenifundisha vizuri. Nguo ya juu ya robota huikagui, anasema, hiyo imewekwa ili ikukaribishe. Ingiza mkono katikati, chomoa moja, igeuze ndani nje, vuta mshono, inuse, ipeleke kwenye mwanga. Nimekuwa hodari, Habibu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kitu kibovu hakiwezi kupita mkononi mwangu.

Basi Jumatatu nikamwomba shangazi ruhusa ya nusu siku. Kutoka dirishani mwa basi nilikuwa nimeshaona mahali penye nyavu za kijani ndefu kuliko minazi, na watu wamejipanga ghorofa mbili, kila mmoja kwenye kijichumba chake, wanapiga mipira kuelekea uwanjani. Nilijua hapo ndipo pa gofu. Nilitaka nikutafutie weji kabla ya mtihani wako wa mwisho wa mwezi, ule wa kukuingiza kwenye wachezaji wa kulipwa. Ulikosa kwa mkwaju mmoja mara ile. Ukikosa tena ni kungoja mwaka mzima, na mwaka mzima kubeba mifuko ya watu unaowazidi mchezo. Sitaki. Shangazi akasema haniruhusu kwenda peke yangu kuuziwa vyuma nisivyovijua, akaja naye, na pochi yake kaibana kwapani.

Tulipokelewa na msichana wa umri wangu, jina lake Xiaomei, ambaye kazi yake ni kumpimia mtu fimbo kama fundi cherehani anavyompimia mtu suruali. Kiingereza chake na changu vilikuwa vya shule ya sekondari vyote viwili, kwa hiyo tulielewana kabisa. Akasema nimekuja wiki nzuri. Weji mpya zilikuwa zimeingia siku chache tu zilizopita, za kampuni ambayo imekuwa ikitengeneza fimbo tangu wachezaji wanavaa tai uwanjani. Akaniwekea mbili mezani juu ya kitambaa, moja nyeupe inayong'aa, nyingine nyeusi.

Laiti ungekuwepo. Niliiinua ile nyeupe nikaisogeza karibu na jicho. Usoni ina mifereji, hilo nililijua, lakini katikati ya mfereji na mfereji kuna mistari mingine midogo sana, kama ya kwenye kidole. Nikapitisha ukucha, ukakwaruza. Nikauliza ya nini. Xiaomei akachukua chupa ya maji, akanyunyizia mpira na uso wa weji, akapiga. Mpira ukapanda, ukashuka karibu na bendera, ukaruka mara moja, ukasimama. Akasema asubuhi majani yana umande, maji yakiingia kati ya chuma na mpira, mpira unateleza, na hiyo mifereji ndiyo inayoyapa maji pa kupitia. Nikasema kwetu Morogoro umande upo mpaka saa tatu. Akasema basi mumeo anaihitaji.

Amesema mumeo. Nilimwomba arudie kwa kisingizio kwamba sikusikia.

Halafu akaanza kuniuliza maswali yako, na hapo ndipo nilipojivuna. Chini ya weji, kumbe, kuna kitako kinachogusa ardhi, na si vyote vinafanana. Kipana ni cha mtu anayechimba, chembamba ni cha mtu anayefagia.

"Akipiga, anang'oa majani kiasi gani?" akauliza.

Shangazi akanitazama kwa huruma, akijua sijawahi kushika fimbo. Lakini mimi nimekaa ukutani mwa uwanja ule jioni ngapi nikikusubiri? Nikamwambia anang'oa kipande chembamba kama chapati, mtu akitaka anaweza kukirudisha mahali pake na usijue. Nikamwambia ardhi ni ngumu miezi mingi ya mwaka, na kwamba ukikaribia kupiga bega lako la kulia linashuka kidogo, kisha unanyamaza. Xiaomei akaandika yote. Akasema wapo wanaume wanaokuja kujipimia wenyewe na hawajui hata nusu ya hayo. Shangazi akasema kwa Kiswahili, muulize kama anajua mumeo anavaa viatu namba ngapi, maana huyu atamwambia na idadi ya nywele.

Nikapiga na mimi. Usicheke. Mpira wa kwanza sikuugusa, wa pili niligusa zulia, wa tatu ukaenda kwa jirani akarudi kuniletea. Shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti. Wa saba au wa nane sikufanya kitu chochote, niliacha tu mikono ianguke kama unavyoniambia, na ule mpira ukapanda, Habibu, ukapanda juu kuliko ulivyokwenda mbele, na mkononi sikusikia kitu. Sasa nimeelewa kwa nini ukirudi nyumbani kutoka mazoezini siku nyingine unakuwa kimya na uso wako umetulia. Nilidhani ni mimi ninayekutuliza. Tugawane basi, mimi na hiyo.

Shangazi alishachagua ile nyeupe, akaanza kuomba ipunguzwe bei. Xiaomei akasema kuna ya tatu. Akaifungua kutoka kwenye karatasi yenye mafuta, na ilikuwa na kutu. Kutu kabisa, madoa ya kahawia uso mzima.

Shangazi akaishika, akaigeuza, akainusa kama anavyonusa blauzi. "Mwanangu, hii ni mtumba. Wametuona wageni."

Na mimi nikakubaliana naye. Nikamwambia Xiaomei kwa heshima lakini kwa uso mkavu kwamba sisi ni wafanyabiashara, hii airudishe, atuletee safi. Msichana wa watu hakukasirika. Akasema hii ndiyo wanayoiomba wachezaji wenyewe. Imeachwa kwa makusudi bila kupakwa ule weupe, ishike kutu kidogo kidogo. Hairudishi jua machoni ukiinamia mpira, na wengi wanasema wanausikia mpira zaidi kwenye chuma kitupu. Unaifuta kwa kitambaa, basi. Akanionya: usiisugue uso, na asikudanganye mtu uipeleke kwenye mashine, kwa sababu mifereji ikiliwa, weji imekufa.

Habibu, nilisikia masikio yanawaka.

Nikamuuliza, na ikiwa mtu ameshaipeleka? Akadhani natania. Akaenda kwenye pipa la fimbo kuukuu akatoa moja ambayo uso wake umelika ukawa laini kama kijiko, akalowesha mpira, akaniambia nimtazame anavyopiga. Mpira ukapaa vizuri. Ukashuka vizuri, palepale ulipotua ule wa kwanza. Halafu haukusimama. Ukaendelea kukimbia, taratibu, mpaka ukatoka kwenye majani mafupi ukashuka upande wa pili.

Nikaona shimo la kumi na nane siku ya mtihani ule, nanyi mlianzia la kumi alfajiri. Niliona kama nimesimama palepale, saa mbili asubuhi, miguu imelowa umande, na mpira wako umetua karibu na bendera, na mimi nimeshaanza kupiga makofi, na ukakimbia ukatoka. Ule ndio mkwaju wako mmoja.

Wiki ya tatu ya ndoa yetu niliikuta weji yako nyuma ya mlango ina kutu, nikaona aibu, nikasema watu watadhani umeoa mke mvivu. Nilianza na steeli waya na limau. Haikutosha, nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea mtaa wa pili, akaipitisha kwenye jiwe la kunolea mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nikaifunga utepe. Ukaifungua mbele yangu. Nakumbuka uliishika muda mrefu, ukapitisha kidole gumba usoni pake, ukasema, "Inang'aa kama wewe." Niliringa kwa wiki mbili nzima kwa maneno hayo.

Ulijua. Kidole chako kilijua palepale.

Na asubuhi ya mtihani Mudi, yule kedi mrefu, mbeba mifuko mwenzako, alikuja akakuletea weji yake, nami nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenu. Alikusihi. Nilifikiri anajipendekeza. Ukamwambia, "Nacheza na hii ya mke wangu." Nilikuwa karibu kuruka kwa furaha, Habibu. Kumbe Mudi alikuwa anajaribu kukuokoa na mimi.

Nikakaa chini kwenye zulia lao la kijani. Shangazi akaniuliza nalia nini, weji? Nikamweleza yote, pamoja na utepe. Akasema wanaume wakificha kitu, kwa anavyowajua yeye, huwa si fimbo. Akafungua pochi yake. Akamwambia Xiaomei afunge ile chafu, na akakataa kuomba punguzo, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tufike nchi hii.

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Nyuzi hamsini na sita kama ulivyozoea, kitako chembamba, na uso wa kutu. Anakuletea Mama Zubeda, mfanyabiashara mwenzetu anayeruka kesho kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, pamoja na barua hii. Nilitaka kukukabidhi kwa mkono wangu, nilishapanga hata nguo nitakayovaa, lakini mtihani uko karibu na wewe unahitaji siku za kuizoea kuliko mimi ninavyohitaji kuuona uso wako ukiifungua. Hilo lilinichukua usiku kucha kulikubali.

Sikulaumu. Nikijaribu kukulaumu najikuta natabasamu. Ila nakuomba jambo moja, na hili ndilo nisiloweza kulisema shangazi akisikia. Usinilinde tena namna hiyo. Nimeolewa na wewe, sikuja kuwa mgeni wa kupewa sahani nzuri. Nikikosea uniambie siku ileile, hata kama nimefunga utepe. Na hii mpya, ukiipiga ukaona haikukubali, iache nyuma ya mlango, chukua ya Mudi, ucheze nayo ushinde. Sitanuna. Nitanuna ukicheza na kitu kibaya kwa sababu kimetoka kwangu, halafu mimi nisimame pale napiga makofi kama mjinga.

Nisalimie mama mkwe na umwambie dawa ya miguu nimeiulizia, nakuja nayo. Nisalimie wifi yangu, mdogo wako wa mwisho, ile blauzi yake ya bluu nimeipata. Salamu kwa baba yangu mdogo aliyetuozesha, na kwa jirani yetu anayekuletea maji ninapokuwa mbali. Mudi msalimie peke yake, umwambie nimeelewa na nina deni la chakula kwake. Shangazi anakusalimu, amekaa kitako sasa, hajifanyi tena.

Mzigo wetu wa mwisho unafungwa wiki ijayo na tiketi nimeishika. Siku ya mtihani wako nitakuwa nimesimama shimo la kumi na nane, na safari hii sitapiga makofi mpaka mpira usimame. Nitegemee, mume wangu, kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi mkeo, wa kwako na bado nashangaa,
Sauda