Dawa ya Tinga Iko Mdomoni mwa Katune

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, kama ulivyonishika mimi kwa miwili nikijifunza kutembea. Goti lako linaendeleaje? Yule kuku wa chini ya kitanda ameshatotoa? Nyanya bado anabishana na redio? Mimi huku Konza niko imara, mashavu yamejaa. Siku nikitokea hapo Kivaa utasimama haraka ukidhani ni chifu.

Mwende, dada yangu, najua wewe ndiye unamsomea Mama. Kabla hujaendelea funga mlango. Chungulia dirishani pia, usikute Baba Mdogo Kimeu amesimama hapo akijifanya anatafuta mbuzi. Umefunga? Haya.

Mama, nimesikia kwamba Tinga, yule ndume wa baba mdogo, ameanguka. Hacheui, nyasi hataki, kinyesi ni kama uji wa mtoto. Na nimesikia baba mdogo alikuja kwako kofia mkononi: "Mke wa ndugu yangu, hebu muulize kijana wetu wa ranchi dawa ni gani." Kijana wetu! Nilicheka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu yako inachajiwa wapi, Mama? Si dukani kwake? Ningepiga, yeye ndiye angepokea, na dawa angeipata amekalia gunia la sukari akijikuna tumbo. Mimi sitaki aipate amekaa. Ndiyo sababu nimeandika, na Musembi, dereva wa lori letu la nyasi, atakuletea kesho akienda huko Masinga.

Wewe labda umeshasahau, maana uko na moyo wa kanisa. Mimi sijasahau hata nukta. Tulipomzika Baba, ikabidi wale ndume wawili wa ng'ombe, mali yake na baba mdogo kwa pamoja, wagawanywe. Baba mdogo akawaambia wazee kwamba ndume hupimwa kwa karai. Yakawekwa makarai mawili ya pumba. Tinga alimaliza lake kabla wazee hawajakaa vizuri, akaanza kulamba bati. Katune wetu akala nusu, akainua kichwa, akatuangalia tu kama mgeni anayengoja chai. Baba mdogo akapiga makofi: "Mlaji ni wangu! Hilo lingine lichukueni, limefanana na huyu Kyalo wenu. Kelele nyingi, nyama hakuna!"

Wazee walicheka, Mama. Hata katekista alicheka, niliona meno yake yote na lile la dhahabu. Udongo wa kaburi la Baba ulikuwa bado mbichi kwenye viatu vyangu. Neno hilo nimetembea nalo kama mwiba wa mgunga kisiginoni, na sijautoa kwa makusudi.

Sasa sikia. Hapa kazi yetu ni kunenepesha ndume, na kila mmoja anakula kwenye hori lake lililo juu ya mizani. Kuna anayekula kama waliokuja matangani, na kuna anayekula kama bibi harusi mbele ya wakwe. Siku ya kupima uzito, unakuta bibi harusi amemshinda mtu wa matanga! Mwanzo nilisema mizani imelewa. Halafu daktari wa mifugo akaniita nishike pua ya ndume mmoja (mimi ndiye bingwa wa pua hapa, uliza yeyote), akateremsha bomba la mpira mpaka tumboni, akavuta maji ya kijani yanayonuka kama pombe ya busaa iliyosahaulika.

"Kyalo," akaniambia, "unadhani ng'ombe ndiye anayemeng'enya nyasi?"

"Kwani ni mimi?"

"Ni bakteria, vijidudu vilivyojaa humu tumboni. Vinavunja nyasi, yeye anaishi kwa jasho lao. Kuna ndume ambaye vijidudu vyake ni wachapakazi, anakula kidogo na inakuwa nyama. Kuna mwingine chakula kingi kinatoka kwa mdomo kama hewa, anabeua tu."

Aliongeza kwamba si vijidudu peke yake, hata ukoo wa ndume unahusika. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika Kivaa kwa mawazo, naliona karai la Katune. Hakuwa mnyonge, Mama. Alikuwa ameshiba!

Na Tinga je? Mwende aliniandikia kwamba baba mdogo amekuwa akimmwagia unga wa mahindi kutoka posho mil, anenepe haraka kabla ya Krismasi. Unga mwingi unachachuka tumboni, unaua wale wafanyakazi. Sasa kiwanda kipo, watu hakuna. Dawa ni kumletea wafanyakazi kutoka tumbo lingine lililo zima. Muulize Nyanya, atakuambia walifanya hivyo zamani. Na hapo kwetu majirani wana mbuzi tupu. Ng'ombe mzima ni mmoja, yule wa kelele nyingi, nyama hakuna.

Najua utasema, "Kyalo, kisasi ni cha Mungu." Sawa, Mama. Mimi namshikia Mungu kamba tu.

Mwende, sasa fungua mlango. Mwite baba mdogo, katekista, na wale wazee wa karai wote. Soma hapa kwa sauti kubwa:

Baba Mdogo, salamu nyingi. Tinga anaweza kupona. Kunja mikono ya shati, uende usimame mbele ya Katune mpaka aanze kucheua. Mkono wako mwenyewe, si wa Mwende, uingie mdomoni utoe lile donge analotafuna. Omba kwanza kwa adabu, Katune huwa anakumbuka sauti za watu. Koroga kwa maji ya uvuguvugu, umnyweshe Tinga kwa chupa haraka kabla hayajapoa, asubuhi na jioni. Unga ni marufuku, mpe nyasi kavu. Wazee, kaeni vizuri mtazame. Kucheka mnaruhusiwa, si mnajua kucheka?

Mwende, funga mlango tena. Hii ni ya Mama.

Mama, usimdai kitu, wala usimnyime. Daktari alinipa siri nyingine: vijidudu vya kuazima vinaponya, lakini havikai sana. Baada ya muda kila tumbo linarudi kwa tabia yake. Tinga atabaki kuwa Tinga, na kiangazi kinakuja, na huko dukani magunia ya unga ya baba mdogo bado yapo, ayamalize. Kwa hiyo mpe hata chupa ya pili. Mimi huku namwombea kila siku kwa moyo safi kabisa: apone, na njaa imrudie yote.

Nisalimie Nyanya mbishi, na mama mkwe wa Mwende mwenye maharagwe matamu, na katekista, umwambie bado nakumbuka lile jino. Katune mkune katikati ya pembe, polepole.

Ni mimi mwanao, mwenye kelele nyingi,
Kyalo